Mbegu Juu ya Meko: Ndoa za Bungoma na Kitale tangu Vita

Kati ya Bungoma na Kitale kiliishi kizazi cha watu waliooana wakati wa Vita Kuu ya Pili. Bungoma kulikuwa nyumbani. Kitale, ambako reli ilifika 1926, kulikuwa mashamba ya walowezi. Historia yao imeandikwa nusu tu, maana walioiandika walihesabu askari na ekari, wake wakasahauliwa.

Vijana wa Kibukusu kutoka Bungoma waliingia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, wengine wakapigana hadi Burma. Kuanzia 1942 serikali iliruhusu watu wachukuliwe kwa lazima wakafanye kazi kwa walowezi. Mwaka huohuo ikadhibiti biashara ya mahindi, na mlowezi akalipwa bei bora kuliko Mwafrika. Mwenye kubeba yote hayo alikuwa mke aliyebaki na jembe na watoto. Elijah Masinde wa Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa, dini ya jadi iliyopinga ukoloni, alikataa amri kama hizo, akatiwa kizuizini. Februari 1948 polisi wakawapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakaua watu 11.

Vita vilipokwisha, wengi walihamia Trans Nzoia, wilaya ya Kitale, wakawa maskwota, yaani vibarua waliokaa na kulima kwenye shamba la mlowezi. Mume ndiye aliyetia kidole kwenye mkataba, lakini palizi na mavuno vilikuwa vya nyumba nzima.

Hapa nataka tuingie jikoni. Wakati wa mavuno mke alichagua mahindi makubwa yaliyojaa punje mpaka nchani. Hakuyamenya; alirudisha maganda nyuma, akayafunga mawili mawili, akayatundika juu ya meko ili moshi uzuie fukusi. Njaa ibishe hodi namna gani, yale hayakuguswa. Mvua ya Machi ikinyesha, mume alimwomba mkewe mbegu, naye ndiye aliyejua ipi ya shamba la bondeni na ipi ya kilimani.

Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale 1956. Mwaka 1964 ikatoka mbegu chotara ya H611, iliyozaliwa na mahindi ya Kitale na mengine kutoka Ecuador. Ilijaza maghala na kulipa karo, nami siibezi hata kidogo. Lakini punje za chotara ukizipanda tena mavuno hushuka, kwa hiyo kila msimu lazima ununue. Mamlaka ya mbegu yakatoka jikoni yakaenda dukani, na pesa za dukani zilikuwa mfukoni mwa mume.

Ardhi nayo ikafuata njia hiyo. Baada ya uhuru familia zilipewa mashamba ya makazi kwa mkopo huko Ndalu, Naitiri na Tongaren. Mkopo ulilipwa kwa jasho la wawili; hati ikaandikwa jina moja.

Uzee uliwakuta kwenye mashamba hayo. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii ulioanza 1965, ulikuwa wa walioajiriwa. Wao pensheni yao ilikuwa shamba. Mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992 yakawafukuza wengi Trans Nzoia na Mlima Elgon, na ya 2006 hadi 2008 yakarudia Mlima Elgon. Mzee na mama waliokwisha kupumzika wakabeba tena godoro.

Tangu 2012 sheria ya ardhi inataka idhini ya mwenzi kabla ya shamba la ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani. Ni haki iliyochelewa mno, na haimwandiki mke kwenye hati. Wazee mlio hai, na ninyi watoto wao, nendeni ofisi ya ardhi mkaandikishe majina yote mawili.