Kutoka Mabamba Hadi Arusha

Ukifika Mabamba, wilayani Kibondo, umefika ukingoni mwa Tanzania. Ng'ambo ya mpaka ni Gisuru, Burundi. Muha na Mrundi wakikutana hapo hawahitaji mkalimani. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Kila mmoja husema ya kwao na mwenzake akaelewa. Lakini wapate kesi, wakaweke mawakili, na mawakili hao watatafutana kwa maneno.

Chanzo chake ni historia. Hadi Vita Kuu ya Kwanza, pande zote mbili zilikuwa chini ya Wajerumani. Baada ya vita, Wabelgiji wakabaki na Ruanda-Urundi, Waingereza wakachukua Tanganyika. Kwetu ikaletwa sheria ya Uingereza kama ilivyosimama tarehe 22 Julai 1920, ambayo hukumu ya mahakama ya juu huzifunga mahakama za chini yake. Kwa majirani zetu zikaja sheria zilizopangwa katika vitabu, kwa Kifaransa.

Mwaka 2007 Burundi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mahakama ya Jumuiya iko Arusha, na Mkataba wa 1999 uliitaja lugha rasmi kuwa Kiingereza. Wakili aliyesomea sheria kwa Kifaransa, mwenye mvi na wateja, akajikuta ni mwanafunzi tena.

Maneno mageni hayamsumbui sana, kwa kuwa atayatafuta kwenye kamusi. Yanayomponza ni yale anayodhani anayajua. Kwake "magistrat" ni jaji, na pia mwendesha mashtaka. Arusha, "magistrate" ni hakimu tu, aliye chini ya jaji. Kwake "jurisprudence" ni maamuzi ya mahakama. Kwa aliyesoma Dar es Salaam, ni falsafa ya sheria. Kwa hiyo anayemfundisha wakili huyu Kiingereza cha sheria hawezi kuishia kwenye msamiati. Lazima amweleze kila neno limetoka katika mahakama ya namna gani.

Tusimcheke. Sisi nasi tumeishi hivyo hivyo. Kwa miaka mingi, mkulima wa Mabamba aliyedai mirathi alisikilizwa kwa Kiswahili katika Mahakama ya Mwanzo. Kesi ikipanda kwa rufaa, kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Alishinda au alishindwa kwa karatasi asiyoweza kuisoma, akingoja wakili amwambie kilichoandikwa.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapokihitaji. Ni hatua kubwa, ingawa ilikuja miaka 60 baada ya uhuru. Wakili wa Bujumbura angalau alipata mwalimu. Mkulima yule alikuwa akifundishwa na nani?