Majumba Yaliyobadilisha Mabwana: Historia ya Hoteli za Kifahari Ndani ya Majengo ya Kale

Mwaka 1797 majeshi ya Napoleon Bonaparte yaliiangusha Jamhuri ya Venice, dola ya wafanyabiashara iliyodumu kwa zaidi ya miaka 1,000. Koo zilizokuwa zikitawala bahari zilibaki na majumba makubwa, huku mapato ya kuyatunza yakiwa yamekauka. Mwaka 1822 mtu mmoja aitwaye Giuseppe Dal Niel alikodi sehemu ya jumba la ukoo wa Dandolo, ukoo uliowahi kutoa watawala wanne wa dola hiyo, akaanza kupokea wageni. Hoteli hiyo ndiyo Danieli. Kitanda ambacho zamani ungekipata kwa nasaba, sasa ungekipata kwa fedha.

Kisa hicho kimejirudia duniani kwa karne mbili. Hoteli nyingi za fahari zilizomo ndani ya majengo ya kihistoria zimekalia magofu ya utawala fulani: ufalme uliovunjwa, kanisa lililonyang'anywa mali, dola iliyofunga ofisi zake. Kwa hiyo anayetaka kuielewa hoteli ya namna hii na aulize maswali matatu: ni nani aliyelipoteza jengo hili, ni nani aliyelipata, na leo ni nani anayeruhusiwa kuingia.

Nchini Hispania walioathirika walikuwa watawa. Kuanzia mwaka 1836 serikali ilitaifisha mali za nyumba za kitawa, na majengo yaliyojengwa kwa ajili ya sala yakabaki matupu au yakageuzwa kambi na maghala. Karibu karne moja baadaye serikali hiyohiyo ilianzisha mtandao wake wa hoteli, ziitwazo parador. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1928 katika milima ya Gredos, kisha zikafuata nyingine ndani ya ngome na nyumba za watawa. Mjini Santiago de Compostela, hospitali ya mahujaji iliyoanzishwa mwaka 1499 kwa amri ya Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella iligeuzwa hoteli mwaka 1954. Leo parador ni zaidi ya 90, na mmiliki wa kampuni inayoziendesha ni taifa. Jambo hilo lina uzito wake, kwa sababu faida ya jengo la umma inarudi katika mfuko wa umma.

India ilipita njia nyingine. Ilipopata uhuru mwaka 1947 ilikuwa na tawala za kifalme zaidi ya 560. Wafalme walikubali kujiunga na taifa jipya kwa ahadi ya posho ya kila mwaka, lakini mwaka 1971 serikali ya Indira Gandhi iliifuta posho hiyo kwa kubadilisha katiba. Wenye kuona mbali walikuwa wamekwisha kujipanga. Mfalme wa Jaipur aligeuza kasri lake la Rambagh kuwa hoteli mwaka 1957. Yule wa Udaipur akafanya vivyo hivyo mwaka 1963 kwa kasri lililojengwa katikati ya ziwa katika karne ya 18. Mjini Jodhpur, kasri la Umaid Bhawan lilianza kujengwa mwaka 1929 ili, pamoja na mambo mengine, kuwapa kazi wananchi waliopigwa na ukame. Leo sehemu yake moja ni hoteli, nyingine ni makumbusho, na nyingine bado ni makazi ya familia ya kifalme. Hapo mwenye nyumba hakuondoka. Alijifunza kuwa mwenyeji wa wageni wanaolipa.

Mjini Istanbul, kasri la Çırağan lilijengwa na Sultani Abdülaziz katika miaka ya 1860. Mwaka 1909 bunge la Waosmani lilihamia humo, na Januari 1910 moto ukaliteketeza zikabaki kuta tupu. Kuta hizo zilisimama kando ya Bosporus kwa takriban miaka 80 kabla ya kufufuliwa kuwa hoteli mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zamu ya dola ya Uingereza nayo ilifika. Posta kuu ya Singapore, jengo la mwaka 1928 lililobeba fahari ya ukoloni, ikawa hoteli ya Fullerton mwaka 2001. London kwenyewe, jengo la Wizara ya Vita lililokamilika mwaka 1906 lilikabidhiwa kwa mkataba wa miaka 250 kwa kampuni ya Hinduja, ya familia yenye asili ya India, na likafunguliwa kama hoteli mwaka 2023. Ofisi zilizotuma majeshi kulinda himaya sasa zimo mikononi mwa watu waliotoka katika koloni kubwa kuliko yote ya himaya hiyo.

Kwetu, hakuna mahali panapoonyesha historia hii kwa ukali na kwa uzuri kama Mji Mkongwe wa Zanzibar. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Sayyid Said bin Sultan alihamisha makao yake kutoka Muscat hadi Unguja. Karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa zikaleta utajiri, na utajiri ukajenga nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, zenye milango ya kuchongwa na mabaraza. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba vya hoteli za Mji Mkongwe hadi leo ni virefu na vyembamba.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliuondoa utawala wa sultani. Wenye nyumba wengi walikimbia, nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali, na familia kutoka mashamba na Pemba zikapewa vyumba. Ilikuwa haki iliyochelewa kwa watu waliokuwa wakiyaona majumba hayo kwa nje tu. Lakini kodi ilikuwa ndogo na fedha za matengenezo hazikuwapo. Maji ya mvua yakaingia darini, boriti zikaoza. Uorodheshaji wa mwaka 1992 ulihesabu majengo 1,709, na takriban robo tatu yake yalikuwa katika hali mbaya. Mamlaka ya hifadhi ilikuwa imeanzishwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikautangaza mji kuwa Urithi wa Dunia.

Hoteli zikaingia katika pengo hilo. Ofisi ya zamani ya kampuni ya simu za kimataifa huko Shangani, pamoja na nyumba jirani walimoishi madaktari wa Kichina, ikawa Serena mwaka 1997. Makao ya Klabu ya Waingereza, ambayo haikuwapokea Waafrika kuwa wanachama, yakawa Africa House. Jumba la Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha enzi za Sultani Barghash, likawa hoteli huko Hurumzi, mtaa ambao masimulizi ya wakazi huuhusisha na malipo waliyopewa wamiliki ili watumwa wao waachwe huru. Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19, likawa sehemu ya Park Hyatt mwaka 2015, baada ya Kamati ya Urithi wa Dunia kueleza wasiwasi wake kuhusu ukubwa wa jengo jipya lililoongezwa pembeni yake.

Anayesema hoteli zinaua mji na akumbuke Beit al-Ajaib, humohumo Mji Mkongwe. Jumba hilo la mwaka 1883 halikuuzwa kwa mtalii. Lilikuwa makumbusho ya taifa. Desemba 25, 2020 sehemu yake iliporomoka wakati mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakafa. Jengo la chokaa lisilopata fedha za kulitunza huanguka, hata likipendwa namna gani. Naye anayesema hoteli ndizo mkombozi na atazame kodi za nyumba zinavyowasukuma wakazi nje ya mitaa yao, na saruji inavyopakwa juu ya matumbawe, ikifungia unyevu ndani na kuyavunja mawe polepole. Mji Mkongwe usio na watoto wa chuoni, wauza kahawa na wazee wa barazani utabaki mandhari ya kupigia picha.

Uamuzi wangu ni kwamba hoteli ni mpangaji halali wa jengo la kale, lakini hapaswi kuachiwa aandike mkataba peke yake. Mikataba ya majengo ya umma iwekwe wazi, ikitaja miaka, kodi, na adhabu kwa anayezidisha ghorofa au kuziba ufukwe. Sehemu ya mapato itengwe kukarabati nyumba za wakazi, na mafundi chokaa wafundishwe na kulipwa vizuri. Na kila hoteli ieleze historia yote ya kuta zake, pamoja na jasho la watumwa lililozisimamisha. Hispania imeonyesha kuwa taifa linaweza kumiliki na kuendesha. Jodhpur imeonyesha kuwa hoteli, makumbusho na makazi vinaweza kukaa chini ya paa moja. Zanzibar, Lamu na Mombasa zina sheria na wataalamu wa kuanzia. Wananchi wadai mikataba hiyo isomwe hadharani, kwa sababu majumba haya yalijengwa kwa nguvu za babu zetu na kuyatunza ni haki yetu na wajibu wetu.