Kalamu ya Bibi Salme

Bibi Salme binti Said alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mabinti wa jumba la Sultani walifunzwa kusoma Kurani. Kuandika kuliachiwa wanaume. Salme hakungoja ruhusa. Kwa siri alinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, hata mkono ukazoea. Siri ilipofichuka alilaumiwa, wala hakuacha.

Mwaka 1859, Barghash alipotaka kumwondoa nduguye Majid kitini, ni Salme, msichana wa miaka 15, aliyeandika barua za njama. Njama ilishindwa, undugu ukaingia ufa. Mwaka 1886 kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani. Mengi yajulikanayo leo juu ya maisha ya ndani ya majumba yale yametoka katika kalamu ambayo hakuna aliyempa.