Paka wa Paris na Paa wa Sultani Darai

Mwaka 1903 kampuni ya Pathé ya Paris ilitoa filamu fupi, isiyo na sauti, ya kisa cha paka aliyevaa buti. Charles Perrault alikuwa amekichapisha tangu 1697, na Mtaliano Straparola alikuwa na kisa kama hicho katikati ya karne ya 16. Kijana maskini harithi kitu ila paka. Paka anamdanganya mfalme kwamba bwana wake ni mtu mkubwa, kaibiwa nguo akioga mtoni. Mfalme anatoa mavazi, zimwi linanyang'anywa kasri, maskini anaoa binti mfalme. Basi.

Mtu aliyelelewa Pemba kwa ngano za baada ya Isha hataitazama filamu hiyo mpaka nusu kabla hajasema: huyu si paka, huyu ni paa. Na paa Pemba si mnyama wa kusikia tu. Wapo, wadogo, katika Msitu wa Ngezi.

Kisa cha paa kiliandikwa Unguja na Edward Steere, mmisionari aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na baadaye akawa askofu. Alikichapa London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Maskini anayechakura jaani kama kuku anaokota thumuni, ananunua paa, watu wanamcheka. Paa anaokota almasi, anampelekea Sultani posa, akimwita bwana wake Sultani Darai. Siku ya kumleta bwana harusi, anampiga, anamlaza mtoni, kisha anakwenda kusema wameporwa njiani. Mavazi yanakuja. Paa anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpa bwana wake jumba.

Mpaka hapo Paris na Zanzibar zinakwenda sambamba, kwa namna ya kushangaza. Lakini Perrault anampa paka wake ukubwa na raha, na kisa kinakwisha. Msimulizi wetu ndiyo kwanza anaanza. Paa anaugua. Anamtuma bibi kizee kwa bwana wake, na bwana anaamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu, chakula cha dharau. Mke analia, anampelekea maziwa kwa siri. Paa anakufa kwa uchungu, maiti yake inatupwa kisimani. Baba mkwe anakuja na watu wake, wanamtoa na kumzika kwa heshima. Usiku ule mke anaota yuko kwao. Anaamka, yuko kwao. Darai anaota yuko jaani. Anaamka, mkono umo takani, anachakura.

Kwangu mimi sehemu hii ndiyo moyo wa kisa, na filamu ya Wafaransa, kwa uzuri wake wote, haikuwa nayo. Harusi haimtoshi msikilizaji wa huku. Anataka kujua fadhila zililipwaje.

Filamu si ngeni Pemba: Wete na Chake Chake zilikuwa na majumba ya sinema kabla video haijayaua. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar (ZIFF), lililoanza 1998, limewahi kupeleka filamu vijijini Unguja na Pemba. Natamani sana turubai litundikwe Konde au Micheweni, paka wa Pathé aonyeshwe kwa dakika zake chache, kisha taa ziwashwe na bibi mmoja wa hapo hapo apewe kipaza sauti aanze: Paukwa!