Nani Anajua Tulipo?

Ndugu msikilizaji, neno "rubani" likitajwa siku hizi, wengi wetu humfikiria mtu aliyeketi mbele ya ndege. Lakini neno hilo limetoka baharini. Rubani wa zamani hakuwa mwenye chombo. Alikuwa mtu aliyechukuliwa chomboni kwa sababu moja, nayo ni kwamba alijua njia. Nchi kavu alikuwepo mwenzake, kirangozi, aliyetangulia mbele ya misafara ya wapagazi kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Wote wawili walikuwa na bidhaa moja tu ya kuuza, yaani ujuzi wa mahali mtu alipo na upande anaopaswa kuelekea. Leo nataka tuangalie jinsi ujuzi huo ulivyohama mikono.

Tuanze na Malindi, Aprili 1498. Vasco da Gama alifika hapo na merikebu zake akitafuta njia ya kwenda Bara Hindi. Dira alikuwa nayo, vyombo vya kupimia jua alikuwa navyo, na mizinga pia. Njia ndiyo aliyokuwa hana. Mfalme wa Malindi alimpokea kwa heshima na kumwahidi rubani, ila rubani akakawia. Shajara iliyoandikwa na mmoja wa watu wa msafara huo inaeleza kilichofuata. Siku ya Jumapili, tarehe 22, mtu wa karibu wa mfalme alipopanda merikebuni, da Gama alimzuia asishuke, akapeleka ujumbe pwani kudai rubani wake. Rubani akaletwa, na yule mateka akaachiwa. Tarehe 24 waling'oa nanga, na tarehe 20 Mei walikuwa wameshatia nanga karibu na Calicut.

Rubani huyo alikuwa nani? Tumezoea kusikia kwamba ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia kutoka Julfar, upande wa Ghuba, aliyeandika vitabu vya njia za bahari. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali. Waandishi wa Kireno wenyewe walisema ni Mwislamu wa Gujarat, na kisa cha Ibn Majid kilitoka kwa mwandishi wa Makka wa karne ya 16. Kwa maoni yangu, kubishana sana juu ya jina kunatusahaulisha kwamba katika bandari zetu wakati ule watu wenye ujuzi huo walikuwepo wa kutosha hata mfalme akaweza kumwahidi mgeni mmoja wao.

Ujuzi wenyewe haukuwa uchawi. Chombo chao kimojawapo kiliitwa kamal, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo uliopita katikati yake. Baharia aliuma uzi kwa meno, akakinyoosha kibao mbele ya jicho mpaka ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota. Fundo alilouma lilimwambia nyota iko juu kwa vidole vingapi, na kwa vidole hivyo akajua yuko umbali gani kaskazini au kusini. Malindi iko kama digrii 3 kusini mwa ikweta, na hapo nyota ya kaskazini haionekani. Ilibidi rubani azijue nyota nyingine za kushika mahali pake. Ile shajara inasema kwamba Jumapili iliyofuata, siku ya tano baada ya kuondoka, Wareno waliiona tena nyota hiyo, ambayo hawakuwa wameiona kwa muda mrefu.

Hata hivyo kamal haikuweza kumwambia mtu yuko wapi kati ya mashariki na magharibi. Kwa safari ya pepo za msimu, kutoka pwani moja hadi nyingine, upungufu huo ulivumilika. Kwa mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yakivuka bahari kuu ulikuwa msiba. Mwaka 1707 merikebu nne za kivita za Uingereza zilipanda miamba ya visiwa vya Scilly kwa sababu maofisa wake waliamini wako kwingine, na zaidi ya watu 1,400 wakafa maji. Miaka saba baadaye Bunge la Uingereza liliahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayeondoa tatizo hilo, na jibu lilitoka kwa fundi wa saa, John Harrison. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja. Basi mtu mwenye saa inayoshika sawasawa wakati wa bandari ya nyumbani, akilinganisha na jua la pale alipo, atajua ameenda umbali gani. Lakini saa ikikosea dakika moja tu, kwenye ikweta kosa hilo ni karibu kilomita 28.

Nchi kavu kazi hiyo ilifanywa na wapima ardhi kwa nguzo juu ya vilima. Mstari wao mmoja, wazo la David Gill wa Cape mwaka 1879, ulipimwa kufuata digrii 30 mashariki, kutoka Afrika ya Kusini, kupitia Tanganyika na Uganda, hadi Misri. Ulikamilika mwaka 1954. Ramani nyingi za nchi zetu zimesimama juu ya mstari huo.

Angani ndiko kosa linakogharimu zaidi. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini, iliyokuwa ikitoka Alaska, ilipotea njia kwa mamia ya kilomita ikaingia anga ya Umoja wa Kisovieti. Ilitunguliwa, na watu wote 269 wakafa. Uchunguzi uliomalizika mwaka 1993 ulionyesha kuwa mtambo wa kujiendesha ulikuwa ukifuata dira tu, haukuunganishwa na mtambo wa kuonyesha njia. Siku chache baada ya msiba huo Marekani ilitangaza kwamba setilaiti zake za kijeshi za GPS, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, zitakapokuwa tayari zitatumiwa na raia wa dunia nzima bila malipo.

Setilaiti hizo, msikilizaji, ni saa ya Harrison iliyopandishwa kilomita 20,200 juu. Kila moja hutangaza wakati wake, na kipokezi chako husikiliza angalau nne na kupima mawimbi yamechukua muda gani njiani. Saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Lakini zawadi hiyo ilikuja na kamba. Mpaka Mei 2000 Marekani iliharibu makusudi mawimbi ya raia, mtu akaweza kukosea kama mita 100, huku jeshi lake likipata vipimo safi. Iliacha kwa amri ya rais. Kilichoachwa kwa amri kinaweza kurudishwa kwa amri.

Wakubwa wenzake walilielewa hilo. Urusi ina setilaiti zake, China ilikamilisha zake za dunia nzima mwaka 2020, na Ulaya, ambayo ni rafiki wa Marekani, nayo ilijenga zake. Na hata anayezimiliki hana uhakika: Juni 2017, katika Bahari Nyeusi, meli kadhaa zilijikuta vyombo vyao vikionyesha kwamba ziko uwanja wa ndege, kwa sababu kuna aliyetuma mawimbi ya uongo.

Afrika haina mfumo wake. Ajabu ni kwamba karibu na Malindi ile ile, kwenye Ghuba ya Ungwana, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini tangu 1967 hadi 1988, moja ikapewa jina la Uhuru. Kenya ilipopata setilaiti yake ya kutazama ardhi, Taifa-1, mwaka 2023, ilirushwa kutoka California.

Sisemi tujenge mfumo wetu kesho. Gharama yake ni kubwa mno. Lakini chuo cha wanamaji wa Marekani kilikuwa kimeacha kufundisha njia ya nyota, kikaanza tena mwaka 2015. Vyuo vyetu vya ubaharia visione aibu kuweka kamal mezani. Na wazee wa majahazi waliobaki Lamu, Pemba na Unguja waulizwe majina ya nyota wanazozijua na siku za kusi na kaskazi zinazokwenda nazo, sauti zao zirekodiwe wangali hai. Kazi hiyo redio inaiweza.