Shule tatu, mji mmoja: mbona hazifanani?

1/ Kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani aulize: "Mbona shule ya msingi ya kule juu inapasi na hii ya sokoni inafeli? Walimu wamelala!" Mimi nimesoma hiyo ya sokoni. Tulikuwa zaidi ya 80 darasani. Hebu turudi nyuma kidogo.

2/ Miji kama Kitale na Nanyuki ilikua kama miji ya walowezi. Serikali ya mkoloni iligawa elimu kwa rangi: shule za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Mwaka 1942 shule ikawa lazima kwa watoto Wazungu. Mtoto Mwafrika alitegemea misheni, na mzazi mwenye karo.

3/ Uhuru ukaja 1963. Tume ya Ominde ya 1964 ikataka ubaguzi wa rangi shuleni uishe. Ukaisha, lakini zile shule za Wazungu zikabaki na karo ya juu. Yaani mlango ulifunguliwa, kiingilio kikawa pesa.

4/ 1974 karo ikafutwa darasa la 1 hadi la 4. Shule zikaanza kutoza pesa za ujenzi. 2003 karo ikafutwa darasa zote, na serikali ikapanga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka chini ya milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7.

5/ Sasa angalia. Shule ya juu ilipewa 1,020 ikiwa tayari na madarasa, maktaba na uwanja. Ya sokoni ilipewa 1,020 hiyohiyo, na watoto wengine hawana pa kukaa. Pesa sawa, mwanzo si sawa.

6/ Mtasema, "Si walimu wote ni wa TSC?" Ni kweli. Lakini kule juu wazazi huchanga wakaongeza mwalimu. Mamangu aliuza sukuma wiki. Akiitishwa mia mbili ya mlinzi, jioni hiyo tulijua hakuna nyama.

7/ Walimu wavivu wapo, sikatai. Mmoja alinifundisha hesabu, au tuseme hakunifundisha. Lakini mvivu mmoja hawezi kueleza pengo la miaka 80.

8/ Kwa hivyo mjadala ukianza tena, kumbuka: kwa Katiba ya 2010, kaunti inasimamia chekechea, shule ya msingi ni ya serikali kuu. Anayeomba ugavana akiahidi kuajiri walimu wa msingi, muulize kwa sheria gani. Anayeomba ubunge muulize kama atapigania shule iliyoachwa nyuma ipewe zaidi, si sawa.

9/ Na Kifungu cha 53 kinasema elimu ya msingi ni bure na ya lazima kwa kila mtoto. Hakijasema "kila mtoto wa kule juu."

Wa shule za sokoni, mlikuwa wangapi darasani? Semeni hapa chini.