Betri Zilivyofika Vijijini Mwetu, na Mahali Zinapozikwa

Katika nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini, tangu Iringa mpaka Mbeya, betri iliyokwisha nguvu haina mahali pake. Maganda ya ndizi twayapeleka shambani, majivu twayamwaga chooni, vyuma vibovu twaviuza. Lakini betri hutupwa popote, au hupewa watoto waichezee, au hukaa darini miaka mingi bila mtu kuikumbuka. Wengi wetu tukiulizwa sababu, twajibu kwamba ndivyo tulivyowaona wazee wetu wakifanya. Jibu hilo ni la kweli. Lakini betri waliyoijua wazee siyo hii ambayo leo imewekwa pembeni mwa chumba ikitunza nguvu za jua kwa ajili ya taa, na kwa sababu hiyo twaona yafaa kueleza habari zake tangu mwanzo.

Mtu wa kwanza kutengeneza betri alikuwa Alessandro Volta wa Italia, mwaka 1800. Alipanga vipande vya fedha na vya zinki kwa zamu, akatia katikati yake vitambaa vilivyoloweshwa katika maji ya chumvi, na umeme ukapita. Baada yake zikatokea koo mbili za betri. Ukoo wa kwanza ni wa risasi, uliotokana na kazi ya Gaston Planté wa Ufaransa mwaka 1859: mabamba ya risasi ndani ya tindikali kali, nayo betri hii ikiisha nguvu yaweza kujazwa tena. Ukoo wa pili ulitokana na kazi ya Georges Leclanché, mwaka 1866, aliyetumia zinki, makaa na manganizi. Betri yake ilikuwa chupa ya maji, nayo haikufaa kwa safari. Lakini miaka ipatayo ishirini baadaye Carl Gassner, tabibu wa Ujerumani, aliyageuza maji yale kuwa uji mzito ndani ya kikopo cha zinki. Hiyo ndiyo betri kavu ya tochi na redio. Huu ukoo wa pili hufa mara moja tu, haufufuki.

Huku kwetu betri kavu ndiyo iliyozoeleka kwanza katika nyumba za watu wengi, na redio ndiyo iliyoieneza. Mwaka 1949 jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, walianza kuuziwa redio ndogo iliyotengenezewa Uingereza kwa ajili ya Waafrika, yenye umbo la sufuria, kwa bei ya pauni tano. Betri yake ilinunuliwa mbali. Mwaka 1951 matangazo yakaanza Dar es Salaam. Redio za transista zilipofika zilihitaji betri chache, ndogo, zilizouzwa dukani pamoja na chumvi na viberiti, na katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ikafungua kiwanda chake Dar es Salaam. Wasomaji wenye umri wataikumbuka betri ya National. Ilikuwa haba nyakati nyingine, hata redio ikafunguliwa kwa taarifa ya habari tu, kisha ikazimwa.

Mwaka 1973 serikali iliendesha masomo ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya kazi: kufyeka majani karibu na nyumba, kutunza maji, na kuchimba vyoo. Vyoo vingi sana vilichimbwa mwaka ule. Basi betri ndiyo iliyoleta sauti iliyosema chimbeni vyoo, na choo kilipokwisha kuchimbwa, betri iliyokufa ikapata shimo la kutupwa. Hatusemi hili kwa kuwacheka wazee wetu, kwani hapakuwa na mtu aliyewaonyesha mahali pengine.

Wala si zote zilizotupwa. Sisi tulipokuwa wanafunzi, ilikuwa zamu yetu kila mwanzo wa muhula kuleta betri zilizokufa. Tulizipasua kwa jiwe, tukatoa unga mweusi, tukauponda pamoja na majani mabichi, tukaupaka ubao wa darasa mpaka ukawa mweusi kabisa. Unga huo huo ulipakwa chini ya kuta za nyumba. Kijiti cha makaa cha katikati kilikuwa kalamu yetu. Betri iliyochoka tuliianika juani ipate kuongea siku mbili zaidi. Hatukuugua kwa namna tuliyoweza kuiona, ingawa unga wa manganizi haufai kuvutwa puani, na zamani watengenezaji walitia zebaki kidogo katika zinki, desturi iliyoachwa na viwanda vingi katika miaka ya 1990. Kwa njia hiyo mikono yetu ilijifunza kwamba betri ni kitu cha kupasuliwa.

Ukoo wa risasi ulikuja kwa malori. Barabara ya Zambia ilipotiwa lami, na reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kupitia Makambako na Mbeya, magari yaliongezeka, na betri zao zikaanza kuingia nyumbani. Mtu aliifunga betri nyuma ya baiskeli, akaipeleka mashineni kujazwa, akarudi nayo jioni kwa ajili ya redio kubwa. Siku hizi vioo vya jua vimeifanya betri hii kuwa kitu cha kawaida hata mahali pasipopita gari.

Hapo ndipo desturi ya ubao wa darasa ilipotuponza. Tulimwona jirani mmoja akiipasua betri ya lori kwa shoka nyuma ya jiko lake. Tindikali aliimwaga kwenye mfereji uendao bustanini. Mabamba aliyayeyusha katika sufuria kuukuu, juu ya mafiga yale yale ya kupikia ugali, na wanawe watatu walikaa karibu kuota moto, maana ilikuwa mwezi wa Julai na baridi ilikuwa kali. Alikuwa mtu mwangalifu kwa mambo yake yote. Alifanya kama alivyofundishwa shuleni, pamoja nasi.

Risasi haina harufu mbaya ya kumwonya mtu. Moshi wake hushuka, vumbi lake hukaa katika udongo miaka mingi, na mtoto mdogo, ambaye hutambaa na kutia vidole kinywani, huipokea mwilini kuliko mtu mzima. Huharibu ubongo wake kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Sisi walimu twapaswa kuliogopa neno hili zaidi ya wengine, kwa sababu mtoto wa namna hiyo hufika darasani akiwa mzito wa kusoma, nasi humwita mvivu.

Mambo haya yametokea barani mwetu. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegali, watu walivunja betri za magari na kuchekecha mchanga wapate risasi. Watoto kumi na wanane walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Mwaka ule wa 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi Owino Uhuru, Mombasa. Mwanamke mmoja aliyeajiriwa pale, Phyllis Omido, alimwona mtoto wake mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Alianza kukipinga kiwanda. Kilifungwa mwaka 2014. Mahakama iliwapa wanakijiji haki ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, shauri likakatiwa rufaa, na Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu ile Desemba 2024. Hiyo ni miaka kumi baada ya milango ya kiwanda kufungwa.

Haifuati kwamba betri ya risasi ni kitu cha kutupwa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, nayo karibu yote yaweza kuyeyushwa na kutumika upya katika kiwanda chenye vichujio vya moshi. Yatakiwa ifike huko ikiwa nzima, imesimama, vifuniko vimefungwa, na maji yake ndani. Kwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake, mkusanyaji wa taka za hatari sharti awe na kibali. Si vibaya kumwuliza mnunuzi akionyeshe. Betri kavu nazo zatosha kuwekwa katika kopo lenye kifuniko, mbali na kisima na moto, mpaka zipatikane nyingi za kupeleka mjini. Za simu, zilizo za lithiamu, zisitobolewe wala kutiwa motoni, maana huwaka kwa ghafula. Iliyovimba isitumiwe tena. Zile ndogo za mviringo kama kifungo zifichwe mbali na watoto. Mtoto akiimeza huunguza koo kwa muda wa saa chache, basi apelekwe hospitali mara moja.

Limebaki jambo la mizani. Mnunuzi wa vyuma chakavu akija na mizani yake, mara nyingi huagiza betri imwagwe maji kwanza, asije akayanunua maji kwa bei ya risasi. Muuzaji naye huimwaga pale pale uani, apate kulipwa upesi. Sisi tumeanza kuwaambia watu wa kwetu wakubali kupunguziwa bei kwa uzito wa yale maji, na betri iondoke kama ilivyo. Wengine wamekubali. Wengine wasema fedha hizo ni daftari mbili za mtoto, nao hawakosei hesabu.